Chumba cha boriti na reli ya futi 4

Alinijia barazani baada ya sala ya alasiri, kikombe cha kahawa hakijanifika mdomoni. Ni ami yangu; si wa damu, ni wa mtaa, na sisi tuliozaliwa Mji wa Kale twajua kwamba ami wa mtaa haki zake hazipungui. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imejaa hesabu za kalamu ya risasi zilizofutwa na kuandikwa tena.

"Wewe watunga mashairi," akaniambia. "Wajua kuyatia maneno katika kipimo, yasizidi wala yasipungue. Njoo unisaidie kuitia Nairobi chumbani."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Haukuwa mzaha. Ami huyu alifanya kazi ya reli hapa pwani kwa miaka 34. Hakuwa dereva wala mkata tikiti. Alikuwa shanta, mtu wa yadi, yule anayepangua mabehewa na kuyapanga upya usiku na mchana ili gari la moshi litakapoondoka kila behewa liwe mahali pake. Alipostaafu, suruali zake za kazi zilitoka nyumbani, lakini taa yake ya mkono hakuitoa. Mpaka leo imening'inia karibu na kitanda.

Mwanawe aliye Uingereza ndiye aliyewasha moto huu. Alimletea sanduku dogo. Ndani mlikuwa na kichwa cha gari la moshi kinachokaa katika kiganja, mabehewa 8 ya mizigo, vipande vya reli, na magazeti mawili ya watu wanaojenga reli ndogo majumbani mwao. Ami akayasoma kwa miwani miwili. Kisha akaamua: atajenga reli yote ya zamani, Mombasa hadi Nairobi, katika chumba cha nyuma.

Huenda msomaji akasema hayo ni machezo ya watoto. Nami nilisema hivyo, kimoyomoyo. Lakini huko Ulaya na Marekani watu wazima wenye kazi zao na madaraka yao huitumikia sanaa hii umri mzima. Ni sanaa ya zamani kidogo. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli za kuunganishwa, zenye vipimo maalumu, katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891. Hiyo ni miaka 5 kabla ya Waingereza kuanza kutandika mataruma hapa Mombasa kwenda Uganda.

Msingi wake ni kupunguza kila kitu kwa kiasi kimoja. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni moja kwa 87: inchi 87 za kweli huwa inchi 1 mezani. Kuna moja kwa 160, ambacho ni kidogo zaidi, na mwaka 1972 Märklin hao hao walitoa moja kwa 220, reli yenye upana wa milimita 6 na nusu, ambayo mtu mwenye mkono mzito asiiguse. Mabehewa ya Ami yalikuwa ya moja kwa 87, nasi tukashika hapo.

Hapo hapo tukakutana na fundo la kwanza. Reli ya kawaida ya dukani kwa kipimo hicho ina upana wa milimita 16 na nusu. Zidisha kwa 87 utapata milimita 1,435, nao ni upana wa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ile inayoishia Miritini. Reli ya zamani, ambayo safari zake za usiku za abiria baina ya Mombasa na Nairobi zilikoma mwaka huo huo, upana wake ni mita moja. Ami alipoisikia hesabu hiyo alikunja uso.

"Yaani nikinunua reli ya dukani nimenunua SGR?"

Ndiyo, Ami. Waama mwanawe alikuwa amelijua hilo. Reli alizoleta zilikuwa za milimita 12, zinazotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa magari ya milima ya Uswisi, maana huko nako kuna reli za upana wa mita moja. Hazilingani barabara, kwani 12 mara 87 ni 1,044, lakini tofauti hiyo jicho halishtuki nayo. Tukapokea.

Futi 9

Sasa chumba. Wasomaji wa Lamu na wa Mji wa Kale hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wageni nitasema. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Urefu wa chumba waweza kuurefusha upendavyo; upana wake huamuliwa na mti. Chumba cha Ami kina urefu wa futi 13 na upana wa futi 9. Aliyekijenga alikuwa hana habari ya reli.

Katika futi hizo 13 kwa 9 mna mlango unaofungukia ndani, na ubao wake hula sehemu kubwa ya pembe moja. Mna dirisha upande wa magharibi. Ukuta wa kaskazini, nao ni upande wa qibla, Bi Mkubwa huutandikia mswala wake, na hapo hapaguswi. Tena kila Idi binti zao wawili huja na wajukuu, nao hulala chumba hicho juu ya magodoro.

Bi Mkubwa alitukuta tunapima kwa kamba. Akasimama mlangoni.

"Reli ilikuchukua miaka 34, nikanyamaza," akamwambia mumewe. "Sasa yataka na chumba cha watoto?"

Ami hakumjibu. Nami nikajitia kutazama boriti. Lakini neno hilo lilikaa nasi mpaka mwisho wa kazi, na nasema kweli kwamba lilitusaidia kuliko magazeti yote mawili.

Alikuwako Mmarekani aitwaye John Armstrong, aliyetoa mwaka 1963 kitabu juu ya upangaji wa reli za nyumbani ambacho watu wa sanaa hii hawaachi kukitaja. Alikuwa akimtaka mtu, kabla ya kuchora mstari wowote, aandike orodha mbili: ya mambo asiyoweza kuyabadilisha, na ya mambo anayoyatamani. Tukaandika. Orodha ya kwanza ilikuwa fupi na ngumu: mlango, dirisha, mswala, magodoro. Ya pili ilijaza ukurasa, kwa mkono wa Ami mwenyewe: stesheni ya Mombasa, daraja la Makupa, Changamwe, mzunguko wa Mazeras, mbuyu, Voi, twiga, daraja la Tsavo, Nairobi. Halafu akaongeza kile kichwa kikubwa cha mvuke cha aina ya 59, kilichobeba jina la mlima.

Tulianza na hesabu ya njia. Mombasa hadi Nairobi kwa reli ya zamani ni kilomita 530 hivi. Gawanya kwa 87: zabaki kilomita 6. Ungekivuka kisiwa chetu na bado reli ungekuwa nayo mkononi. Ami akacheka, akasema hakukusudia kila kilomita. Basi tukapima gari lenyewe. Tuseme behewa la abiria lina futi 60. Mezani ni inchi 8 na robo hivi. Mabehewa 10 ni karibu futi 7. Kile kichwa cha aina ya 59, ambacho vichwa 34 vya namna yake viliundwa na Beyer Peacock wa Manchester kwa ajili ya Afrika Mashariki, kilikuwa na urefu wa futi 100 na ushei. Nacho ni inchi 14 nyingine. Gari zima, futi 8.

Futi 8 katika ukuta wa futi 13! Stesheni yataka nafasi ya reli kugawanyika kila upande, basi stesheni peke yake imeumaliza ukuta. Tukachora Mazeras pembeni. Kichwa kikawa kimeingia Mazeras na behewa la mwisho bado liko Mombasa linapakia mizigo ya abiria.

Tukapunguza mabehewa yawe 4. Tukachora duara, kama watoto wafanyavyo, gari lizunguke bila kukoma. Lakini gari la kipimo hiki haliwezi kupinda ghafla. Pindi linalokubalika kwa vichwa vidogo ni la inchi 18 kutoka katikati hadi reli, yaani duara zima lataka meza ya upana wa futi 3 na nusu au zaidi. Wamarekani wengi huanza kwa ubao mmoja wa plaiwudi, futi 4 kwa 8, kama unaouzwa hata hapa Mombasa. Unaonekana mdogo dukani. Uweke chumbani utaona. Mkono wa mtu haufiki zaidi ya futi 2 na nusu bila kuangusha kitu kwa kiwiko, basi meza ya futi 4 yataka mtu aweze kuizunguka pande zote, na njia ya kupita yataka futi 2. Chumba chetu kingekuwa meza na ukanda wa kupitia ubavu ubavu, kama watu wa kwenye boti ya abiria. Mswala ungekwenda wapi?

Mzunguko wa Mazeras ndio uliotutesa zaidi. Wale waliopanda gari lile watakumbuka: reli hujipinda mlimani ikapita juu yake yenyewe. Ami aliutaka kwa roho yote. Lakini ili gari moja lipite juu ya jingine kwa kipimo hiki, reli ya juu lazima iinuke inchi 3 kwa uchache, na gari dogo halipandi vizuri mlima unaozidi inchi 2 kwa kila inchi 100. Inchi 3 zataka inchi 150 za kupanda: futi 12 na nusu. Urefu wa chumba kizima umekwisha kwa kupanda tu, na kushuka je?

Nilikuwa tayari kukata tamaa. Ami alikuwa kimya. Kisha akazikunja karatasi zote akazitia chini ya godoro lake, na kwa wiki mbili hakunitajia neno reli.

Kilicho nyuma ya pazia

Katika wiki hizo mbili nilikaa na yale magazeti. Nilikuwa nimekosea kusoma. Nilitazama picha za reli kubwa, za watu wenye maghala na vyumba vya chini ya ardhi, nikajaribu kuzifinya. Nikiwa kijana nilikuwa nikiandika mashairi kwa namna hiyo: nachukua habari ya utenzi naishindilia katika beti tatu, halafu nashangaa kwa nini hayaimbiki.

Waingereza, kwa kuwa nyumba zao nyingi ni finyu, wamefikiri sana juu ya jambo hili. Alikuwako mhariri wa gazeti lao la reli ndogo, Cyril Freezer, aliyechora ramani nyingi za vyumba vidogo. Mashuhuri zaidi ni ile ya mwaka 1957 aliyoiita Minories: kituo kidogo cha mwisho wa reli, London, majukwaa 3 tu. Hakuna mlima wala mto. Magari huingia na kutoka, vichwa hubadilishwa, na reli imegawanyika kwa namna ambayo kila gari laweza kufika kila jukwaa. Likitoka, gari hupita chini ya daraja na kuingia mahali palipofichwa, ambapo mwenye reli hulipanga tena kwa mkono. Dunia nzima iliyobaki imo humo nyuma ya pazia, kama mambo ya mchezo wa kuigiza. Mtazamaji haioni, lakini haiulizii.

Hilo lilinifungua macho. Lakini Minories ni ya abiria, na Ami hakuwa mtu wa abiria.

Ndipo nikaona ya Alan Wright, Mwingereza naye. Yeye aliiga kituo kidogo cha kweli kilichoitwa Kilham, kaskazini mwa Uingereza, akakifanya kuwa fumbo. Aliliita Inglenook Sidings. Lina reli 3 za kando na pointi 2 tu, yaani mahali pawili pa reli kugawanyika. Reli moja hutosha mabehewa 5, na mbili zilizobaki mabehewa 3 kila moja. Mbele yake kuna kipande cha reli ambacho kichwa huvutia mabehewa, nacho hutosha kichwa na mabehewa 3 na si zaidi. Mabehewa yote ni 8. Mchezaji huokota kadi 5 kwa bahati, na kazi yake ni kuyapanga mabehewa hayo 5 kwa utaratibu wa kadi zilivyotoka, bila kuinua behewa kwa mkono.

Yaonekana ni jambo la dakika moja. Lakini hesabu yake ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4: mipango 6,720. Ukifanya mmoja kila usiku baada ya isha utamaliza baada ya miaka 18 na miezi. Na nafasi? Ukichukua behewa fupi la inchi 4, lote laingia katika ubao wa futi 4 na kidogo.

Nilikwenda kwa Ami usiku ule ule. Nilimchorea kwa chaki sakafuni, kama maalim wetu alivyokuwa akituchorea herufi chuoni. Nikamkatia vipande 8 vya kadibodi, nikavipa namba, na kiberiti kikawa ndicho kichwa. Nikaokota kadi: 6, 2, 8, 1, 5.

Mzee akachutama. Mtu huyu goti lake la kulia halikunjiki, na sala husali kitini. Alichutama. Akasukuma kiberiti, akavuta viwili, akaacha kimoja, akarudi. Alikuwa akinong'ona maneno ya kazi ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema. Katikati akasimama, akafuta jasho, akanionyesha: "Huyu namba 2 asitoke sasa. Akitoka sasa nitamtafuta tena." Alimaliza kwa hatua chache kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kisha akaketi chini, akatazama zile kadibodi kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo," akasema. "Ile nyingine ilikuwa reli ya abiria. Mimi sikupata kuabiri mpaka Nairobi ila mara 3."

Miaka 34 ya reli, na Nairobi mara 3! Kumbe mzunguko wa Mazeras na twiga na mbuyu vilikuwa vya wengine. Yeye aliviona kama sisi, kwa picha na hadithi.

Nafasi ya mtu

Kazi ilianza upya, na safari hii ilikwenda. Bi Mkubwa alituwekea sharti moja: magodoro yapite chini. Basi reli yetu haitakuwa meza. Itakuwa rafu ukutani upande wa mashariki, mkabala wa dirisha, kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyesimama. Mbao mbili za plaiwudi, kila moja futi 2 na inchi 2, zaunganishwa kwa bolti ili siku ya haja zishushwe na kutiwa uvunguni. Mshauri wetu seremala alitutahadharisha juu ya hewa ya bahari: mbao hujaa unyevunyevu msimu wa masika na kusinyaa kaskazi, basi ipakwe vanishi chini na juu, na reli zisibanwe kichwa kwa kichwa, zachiwe mwanya mwembamba. Umeme ni wa volti 12, hauuwi mtu. Haya nayapitia haraka kwa sababu hayakutusumbua.

Lililotusumbua ni upana. Kwa ajili ya ubao wa mlango, rafu haiwezi kuzidi inchi 10. Nami nilikuwa na yangu ninayoyatamani. Nilitaka nyuma ya reli pawe na ghala kubwa la mabati, na nyuma ya ghala vichochoro, nyumba zenye roshani, mnara wa msikiti. Nilitaka mji. Basi katika kuchora, nikazisogeza zile reli 3 zikaribiane. Kutoka katikati ya reli hadi katikati ya reli ya pili nikaweka inchi 1 na nusu.

Ami aliweka kidole juu ya karatasi.

"Hapa mtu hapiti."

Nikamwambia hatutaweka watu. Tulikuwa tumekwisha kulizungumza. Wenye sanaa hii huweka masanamu madogo ya binadamu, sentimita 2 hivi, wamesimama jukwaani na masanduku yao. Ami hakutaka masanamu nyumbani kwake, tena chumba cha mswala. Wako wanaoruhusu wanasesere wa watoto kwa hoja ya Bi Aisha, na wako wanaokataza. Mimi si mufti, na nyumba si yangu. Nikamkumbusha basi: hakuna watu, nafasi ni ya nini?

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu. Inchi 1 na nusu mara 87 haifiki futi 11. Toa behewa la upana wa futi 9. Baina ya behewa na behewa pabaki chini ya futi 2.

Hapo ndipo aliponisimulia. Nitaandika kidogo tu, kwani aliyefariki ana watoto na wajukuu, na sikuomba ruhusa yao. Ilikuwa mwaka 1974, usiku wa mvua. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake, ambaye walianza kazi wiki moja. Baina ya reli mbili za yadi palikuwa pamebanwa na vitu vilivyorundikwa, na kila mtu alijua pamebanwa, na kila mtu alikuwa akipita. Mwenzake aliingia kufungua behewa. Ami ndiye aliyekuwa na taa. Alitoa ishara ya kuvuta akidhani mwenzake ametoka upande wa pili.

Alipofika hapo akanyamaza, akaivua miwani yake, akaipangusa kwa kikoi, akaivaa tena.

"Taa ilikuwa yangu," akasema.

Nimekuwa jirani wa mtu huyu tangu nazaliwa. Nimekula kwake, amenisindikiza siku ya ndoa yangu. Habari hiyo sikuwahi kuisikia, na baadaye nilifahamu kwamba hata wanawe hawakuisikia yote. Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa akiijua. Alikuwa ukumbini, na mchi wake uliokuwa ukilia kinuni ulinyamaza.

Nilichukua mpira nikafuta. Tukaweka inchi 2 na robo. Mara 87 ni futi 16 na zaidi; toa behewa, pabaki futi 7. Mtu apita, na taa yake, na mwenzake ubavuni. Mji wangu ukaondoka: roshani zote, mnara, vichochoro. Kimebaki ukuta wa ghala la mabati tu, unene wa kidole, umegandishwa nyuma kama picha. Ile reli ya kuvutia imeingia kidogo nyuma ya pembe ya ghala hilo, na mabehewa yakisha kupangwa, yale yanayotosha hupelekwa huko yakafichika.

"Nyuma ya ghala ndiko Nairobi," Ami alimwambia mjukuu wake mmoja alipouliza gari limekwenda wapi. Mtoto akaridhika.

Aliniomba ubeti wa kubandika ukutani juu ya rafu. Nilimwandikia huu, naye akabadilisha neno la mwisho. Mimi nilikuwa nimeandika "mapema".

Nilipoanza mpango, nilitaka reli nzima,
Ipite kwenye ukingo, ipande hadi milima,
Boriti zina kiwango, futi tisa zimegoma,
Mabehewa ni manane, nitayapanga salama.

Wiki iliyopita tulikata plaiwudi. Kabla ya kugongomea chochote tulikata karatasi za kila pointi na kila kipande cha reli kwa ukubwa wake wa kweli, tukazitandaza juu ya mbao, tukayapitisha mabehewa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Nawausia wote watakaojaribu wafanye hivyo, kwani karatasi ilituonyesha kwamba reli ya mabehewa 5 ilipungua nusu inchi, na lau tungaligongomea kwanza tungalipoteza ubao. Baina ya reli ya kwanza na ya pili Ami amemwaga unga wa mbao uliochanganywa na gundi na rangi ya udongo, akausawazisha kwa kijiko mpaka ukawa njia nyembamba iliyo safi, haina jiwe wala kijiti. Aliitengeneza mwenyewe asubuhi nzima, hakutaka kusaidiwa.

Vanishi haijakauka, kwa sababu mvua haijatuachia. Mswala uko mahali pake. Magodoro yamekwisha kujaribiwa chini ya rafu na Bi Mkubwa mwenyewe, akapima kwa mkono nafasi iliyobaki juu ya kichwa, akasema mjukuu mrefu alale upande wa dirishani.